Boksi la hewa la XS650: nimelitoa nimeweka koni, sasa inakohoa mkono wa mafuta ukifunguka nusu. Ni jeti au kuna kingine?

#1 Kipenyo38
Wakuu salaam.

Nina Yamaha XS650 ya 1975, silinda mbili, kabureta mbili za Mikuni BS38 ilizotoka nazo. Nimetoa maboksi ya chujio ya pande zote mbili nikafunga koni (vichujio vidogo vilivyo wazi), na ekzosi nimeweka fupi. Jeti kubwa (kitundu kinachopima petroli mkono ukifunguka sana) nimepandisha hatua mbili kila upande.

Silensa (injini ikinguruma bila kuongezwa mafuta) iko safi. Mkono wa mafuta ukifunguka wote inavuta mpaka raha. Shida iko katikati: kwenye mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika, ukishikilia mkono kati ya robo na nusu, inakohoa, inasita, halafu ghafla inashika na kuruka mbele. Ukiongeza zaidi inapona. Plagi ya kulia inatoka nyeupe kuliko ya kushoto.

Dai langu ni kwamba yale maboksi yaliwekwa kupunguza kelele tu, kwa hiyo hapa ni suala la jeti. Kuna jamaa ananiambia bila kurudisha maboksi sitoboi. Mnasemaje?

#2 Kiti_Kirefu
Mtu mwingine tena na koni. Kuna mahali zinagawiwa bure na mimi sijaambiwa?

#3 SlaidiMoja
Mkuu #1, hilo dai nalipinga.

Kwenye BS38 waya wa mafuta hauinui slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka kwenye njia ya hewa), unageuza kipepeo tu, yaani bamba linalofungua na kufunga hewa. Slaidi inainuliwa na tofauti ya presha. Juu ya diaframu (utando wa mpira ulioshikana na slaidi) kuna mvutano unaotoka kooni mwa kabureta, njia ya hewa iliyo katikati yake. Chini ya diaframu kuna hewa ya kawaida, nayo inaingia kwa njia iliyoko mdomoni, upande ule ule wa chujio. Hiyo hewa ya chini ndiyo kipimo ambacho kabureta inakitegemea kujua slaidi ikae wapi.

Ndani ya boksi hewa imetulia, kipimo hakiyumbi. Ukifunga koni pembeni mwa fremu, upepo wa mwendo unakipiga, paja la dereva linakikinga, na kila silinda inapovuta inakishtua. Slaidi inaanza kucheza juu chini, na sindano inayopima petroli imening'inia kwenye slaidi hiyo hiyo. Sasa angalia: ugonjwa wako uko pale pale ambapo sindano inatawala.

Boksi ni sehemu ya kabureta, ila limefungwa na bolti zake peke yake.

#4 Bi_Sindano
SlaidiMoja kaeleza vizuri, ila tusiruke hatua.

Kipenyo38 umebadilisha jeti kubwa, na ugonjwa wako hauko kwenye jeti kubwa. Silensa mpaka karibu robo ya mkono ni jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko. Robo mpaka robo tatu ni sindano na bomba lake. Jeti kubwa inaanza kusema kuanzia robo tatu kwenda juu. Ndiyo maana mkono wote unafurahia: huko umeshalisha. Katikati umepaacha vile vile wakati hewa imeongezeka.

Petroli inaungua yote kwa uwiano wa takriban 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito. Injini yenyewe inapenda mzito kidogo ikibanwa, 12.5 hadi 13 hivi. Ukiwa mwepesi zaidi ya hapo kwenye nusu mkono, unapata hicho unachokieleza: kukohoa, kusita, plagi nyeupe.

Sindano yako ina mikato mingapi ya kushikia klipu, na klipu iko mkato wa ngapi?

#5 Kipenyo38
Asante dada. Mikato mitano, klipu iko wa tatu kutoka juu, pande zote mbili. Nikitaka mafuta zaidi si napandisha klipu mkato wa pili?

#6 Bi_Sindano
Kinyume chake! Klipu ndiyo inayokaa kwenye slaidi, sindano inaning'inia. Ukipandisha klipu, sindano inashuka na kuziba bomba, mafuta yanapungua. Ukitaka mzito, shusha klipu kwenda mkato wa nne.

#7 Kiti_Kirefu
Hapa kuna watu kumi wamesoma #6 kimyakimya na sasa wanaenda kufungua kabureta zao. Tunawaona.

#8 Gereji_ya_Nyuma
Kabla hujagusa klipu, toa koni ya kulia, washa tochi, uangalie mdomo wa kabureta.

Utaona tundu kubwa katikati, hilo ni koo. Kwenye kingo za mdomo kuna vitundu vidogo ambavyo watu wanavidhania ni urembo wa kiwandani. Kimoja kinapeleka hewa chini ya diaframu, ile aliyoisema SlaidiMoja. Vingine ni vya hewa ya jeti, inayochanganyika na petroli kabla haijatoka kooni.

Sasa shika koni utazame ndani ya shingo yake ya mpira. Koni nyingi zina mdomo mnene ndani, ringi ya mpira inayozuia shingo isisukumwe mbele sana. Ringi hiyo ikikaa juu ya kitundu cha diaframu, slaidi haina hewa chini, haiinuki inavyotakiwa. Paka grisi kidogo kwenye ukingo wa kabureta, vika koni, kaza, halafu itoe. Alama ya grisi kwenye mpira itakuonyesha imelala wapi. Kama imeziba, chukua wembe ukate ule mdomo wa ndani sehemu hiyo tu. Usikate wote, shingo italegea.

Nimeona pikipiki zimebadilishiwa jeti mpaka mfuko wa jeti ukaisha, kumbe kitundu kimelaliwa na mpira.

#9 Mzee_wa_Platini
Vijana salaam. Nimesoma mpaka hapa, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya moto, yaani cheche ya plagi.

XS650 ina platini (swichi za kutoa cheche) seti mbili, kila silinda na yake, upande wa kushoto wa kamshafti. Vyuma vya kusogeza moto mbele (kuwahisha cheche mizunguko ikipanda) viko upande wa KULIA. Vinaunganishwa na fimbo nyembamba inayopita katikati ya kamshafti, maana ile kamshafti ina uwazi ndani. Fimbo hiyo ina bushi zake, zinataka grisi. Zikikauka fimbo inabana. Moto unatakiwa utoke kama digrii 15 kabla pistoni haijafika juu kwenye silensa ufike karibu 38 au 40 injini inapokaribia mizunguko 3,000. Fimbo ikibana inachelewa, halafu inaachia kwa ghafla.

Someni tena #1. "Inasita, halafu ghafla inashika na kuruka mbele." Tena kwenye 3,000. Hiyo ni kabureta?

#10 SlaidiMoja
Shikamoo mzee. Hoja ni nzuri, lakini tatizo limeanza baada ya koni. Platini hazijui kama boksi limetolewa.

#11 Mzee_wa_Platini
Marahaba. Platini hazijui, lakini mwenye pikipiki anajua. Alipokuwa na boksi mchanganyiko ulikuwa mzito kiasi, ukafunika udhaifu wa moto. Mchanganyiko mwepesi ni mgumu kuwaka, unataka cheche kali na kwa wakati wake. Ukipunguza mafuta, ugonjwa wa umeme unajitokeza hadharani. Kijana tafuta taa ya taimingi, angalia kama alama inasogea taratibu au inaruka.

#12 Jogoo_wa_Alfajiri
Mbona mnazunguka. Plagi moja nyeupe kuliko nyingine ni hewa ya wizi, inayoingia bila kupita kwenye kabureta. Mpira wa manifoldi (unaounganisha kabureta na injini) wa kulia umepasuka. Mipira ya umri huo inakauka na kupata nyufa ambazo huzioni mpaka uikunje. Nyunyiza petroli kidogo kuzunguka mpira injini ikiwa inanguruma, mzunguko ukipanda umepata.

#13 Bi_Sindano
PETROLI HAPANA. Injini ina moto, platini ziko hapo, koni ziko wazi. Tumia maji kwa chupa ya kunyunyizia, silensa itatetereka vile vile kama kuna ufa.

Pia hewa ya wizi inasumbua zaidi kwenye silensa, kwa sababu huko kipepeo kimefungwa, mvutano ni mkali, na ule ufa unachangia sehemu kubwa ya hewa yote. Ukifungua mkono, hewa ya ufa inakuwa kidogo ukilinganisha na inayopita kooni. Mkuu amesema silensa iko safi.

#14 Jogoo_wa_Alfajiri
Silensa iko safi kwa sikio. Injini ya silinda mbili ambayo pistoni zote zinapanda pamoja, nyuzi 360, inatikisika mpaka vioo. Utajuaje kwa sikio kwamba upande mmoja unadhoofika? Na kwenye BS38 kuna sili za shafti ya kipepeo, zikiisha zinavuta hewa na hakuna anayezikumbuka. Sijafuta kauli.

#15 Nusu_Choki
Jaribio rahisi kabla ya yote. Tembea nayo mpaka ikohoe, shikilia hapo hapo, vuta choki (ya kuongeza petroli wakati wa kuwasha) nusu. Ikipona, ni nyepesi. Ikizidi kufa, ni nzito au ni moto.

Jaribio la pili: bandika mkanda wa karatasi kuziba nusu ya kila koni, urudie. Bakuli la floti (linalohifadhi petroli ndani ya kabureta) linapumua hewa ya nje, kwa hiyo ukibana mdomo wa kabureta presha ya pale inashuka na mafuta yanasukumwa zaidi. Unapata mchanganyiko mzito bila kufungua skrubu hata moja.

Na tukitaja skrubu: zile za kabureta za Kijapani zinafanana na za nyota ya kawaida lakini sizo, mkato wao ni wa JIS, kiwango cha Kijapani. Ukitumia bisibisi ya kawaida inapanda na kukwangua kichwa. Tafuta bisibisi yake.

#16 Kipenyo38
Swali dogo kabla sijajaribu. Ikiwa imesimama nikiipiga resi haikohoi kabisa, inapanda laini. Ni barabarani tu. Hiyo inasema nini?

#17 SlaidiMoja
Inasema upepo. Mwendo ndio unaosumbua hewa ya diaframu. Angalia pia mirija ya kupumulia ya bakuli la floti. Kama baada ya kutoa boksi inaning'inia kwenye upepo, presha ya bakuli nayo inayumba. Ipeleke nyuma ya injini, mahali palipotulia.

#18 Mzee_wa_Platini
Inasema mzigo. Imesimama haina mzigo, cheche dhaifu inatosha. Barabarani silinda inajaa, presha inapanda, cheche dhaifu inazimwa.

#19 Bi_Sindano
Inasema haina mzigo, kwa hiyo mkono unafunguka kidogo sana na sindano haijaanza kazi. 😀

#20 Kiti_Kirefu
Ushahidi mmoja, hukumu tatu. Nawapenda sana.

#21 Mawimbi
Naongeza kitu ambacho hakijaguswa. Hewa ndani ya bomba la kuvutia haitembei kama maji ya bomba. Valvu ikifunguka na pistoni ikivuta, wimbi la presha ndogo linatoka kwenye valvu, linakwenda mpaka mdomo ulio wazi, linarudi likiwa limegeuka kuwa wimbi la presha kubwa. Likifika valvu ikiwa inakaribia kufunga, linasukuma hewa ya ziada ndani ya silinda. Likifika wakati mbaya, linakunyima.

Chukua mfano wa sentimita 25 kutoka valvu mpaka mdomo wa kabureta. Mwendo wa sauti ni kama mita 340 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 1.5 hivi. Kwenye mizunguko 6,000 mzunguko mmoja unachukua milisekunde 10, kwa hiyo wimbi linarudi baada ya digrii 53 za krenki. Kwenye 3,500 ni digrii 31 tu, kwa hiyo linakwenda na kurudi mara nyingi zaidi, kila mara likiwa limedhoofika, kabla valvu haijafunga.

Bomba refu linapendelea mizunguko ya chini, fupi linapendelea ya juu. Ulipotoa boksi ulitoa pia shingo yake ya mpira, umefupisha njia. Boksi lenyewe lina mlio wake, kama chupa unapopuliza mdomoni mwake, na watengenezaji huchagua ujazo na mdomo wa boksi ili mlio huo ujaze pale injini inapolegea. Kwa maoni yangu hilo shimo la 3,000 hadi 4,000 ni la mawimbi, na hakuna jeti itakayoliziba lote.

#22 Gereji_ya_Nyuma
Mawimbi, hesabu naikubali ila matunda yake nayaona madogo. Shimo la mawimbi linapunguza nguvu taratibu, unahisi pikipiki imechoka. Halikohoi. Kukohoa ni kuwaka na kutowaka.

#23 Mawimbi
Linakohoa kama mchanganyiko uko ukingoni. Na 340 ni kwa hewa ya baridi kiasi, nyuzi 15 hivi. Kwenye 20 ni 343, na hewa iliyo karibu na injini ina joto zaidi, inakimbia zaidi. Najisahihisha kabla hajaja mwalimu.

#24 Kumi_na_Mbili_Tano
Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi nina Honda CG125 ya zamani, ile ya fimbo za kusukuma valvu. Nikipanua tundu la kichwa na kufunga kabureta ya milimita 30, si itakimbia zaidi?

#25 Bi_Sindano
Hapana. CG125 ina sisi (cc) 124 tu, kipenyo cha silinda milimita 56.5 kwa mwendo wa pistoni 49.5. Silinda ndogo hivyo ikivuta kupitia koo la 30, hewa inatembea polepole, na hewa ya polepole haibebi petroli. Matone yanaanguka ukutani mwa bomba, injini inavuta hewa tupu, kisha inameza petroli kwa mkupuo. Utapoteza nguvu ya chini yote, na juu utapata kidogo sana, kwa sababu kamshafti na valvu ni zile zile. Safisha maungio, linganisha gasketi na tundu isichungulie ndani, acha ukubwa kama ulivyo.

#26 Kumi_na_Mbili_Tano
Na kung'arisha ndani mpaka iwe kioo?

#27 Gereji_ya_Nyuma
Njia ya ekzosi ng'arisha upendavyo, masizi hayatashika haraka. Ya kuvutia iache na ukwaruzo mdogo wa msasa. Ungeanzisha uzi wako, tutakuja.

#28 Koo_Wazi
XS650 dawa yake inajulikana. Tupa BS38, funga Mikuni VM34. Slaidi ya mviringo inainuliwa na waya moja kwa moja, haina diaframu ya kusumbuliwa na upepo. Koni ruksa.

#29 SlaidiMoja
Ruksa, ila unabadilisha ugonjwa. Kwenye VM ukifungua mkono wote ukiwa chini ya mizunguko, slaidi inapanda papo hapo, mwendo wa hewa unaporomoka, injini inazama. BS inakusubiri: hata ukifungua kipepeo chote, slaidi inapanda kadiri injini inavyoweza kumeza. Kwa mtu wa matembezi BS ni rafiki mwema.

#30 Koo_Wazi
Mkono wangu una adabu, hauzamishi.

Nyongeza: mkipeana namba za jeti humu, semeni na aina. Jeti za Mikuni za kichwa cha pembe sita zinahesabiwa kwa wingi wa mafuta yanayopita, za Keihin kwa kipenyo cha tundu. 135 ya huku si 135 ya kule.

#31 Pafu_la_Mlimani
Hakuna aliyemuuliza anaendeshea wapi kwa mwinuko. Kila mita 1,000 unazopanda hewa inapungua kwa takriban asilimia 10, na mchanganyiko unakuwa mzito wenyewe. Kama alipanga jeti juu na anaendesha chini, jibu ni jingine kabisa.

#32 Kipenyo38
Wakuu, mrejesho.

Mwinuko ni ule ule niliopangia jeti, huo tuuweke pembeni.

Alama ya grisi ya Gereji_ya_Nyuma: koni ya kulia, ringi ya ndani ilikuwa imelala juu ya kitundu kimoja kizima na nusu ya cha pili. Ya kushoto imegusa pembeni kidogo tu. Nimekata kwa wembe. Kukohoa kumepungua sana, lakini hakujaisha.

Maji kwenye mipira: hakuna mabadiliko ya mlio upande wowote. Choki nusu barabarani: inapona, ila si yote. Mkanda kwenye koni: chini ya 3,500 safi kabisa, juu yake bado kuna kusita. Mirija ya bakuli nimeipeleka nyuma ya injini, sijaona tofauti. Taa ya taimingi nimeazima, alama inasogea, lakini karibu na 3,000 inatetemeka kabla ya kutulia.

Klipu sijaigusa bado.

#33 Gereji_ya_Nyuma
Kitundu. Nilisema.

#34 Mzee_wa_Platini
Inatetemeka kabla ya kutulia. Tia grisi kwenye ile fimbo, halafu tuzungumze.

#35 Bi_Sindano
Choki na mkanda vyote vinaponya, maana yake nyepesi. Shusha klipu mkato mmoja, pande zote mbili, usiguse kitu kingine chochote siku hiyo hiyo.

#36 Mawimbi
Chini ya 3,500 safi, juu yake inasita. Mkanda hauwezi kurefusha bomba. Nakaa kimya.

#37 Jogoo_wa_Alfajiri
Maji hayaingii kwenye sili za shafti ya kipepeo ukinyunyizia mipira. Kwenye shafti ulinyunyizia?

#38 Kipenyo38
Shafti bado. Lakini plagi ya kulia ingali nyeupe kuliko ya kushoto, hata baada ya wembe.

#39 Nusu_Choki
Basi hamisha vitu. Slaidi na diaframu yake ya kulia peleka kushoto, ya kushoto kulia, koili na plagi usiguse. Weupe ukihama, ni kabureta: mulika diaframu kwenye taa utafute kitundu kidogo sana, hasa kwenye mkunjo. Weupe ukibaki kulia, ni manifoldi, shafti au moto wa upande huo. Ukimaliza, sawazisha kabureta zote mbili kwa mrija wa plastiki wenye oili, kila ncha kwenye manifoldi moja. Weka mrija mrefu na kizibo chenye tundu dogo kila upande, la sivyo injini itainywa oili yote.

#40 Koo_Wazi
Au VM34.

#41 Kiti_Kirefu
Wakati anahamisha slaidi: hizo koni zina sifongo ya kupaka oili au ni wavu mtupu? Vumbi ni mchanga, na mchanga haujali klipu iko mkato wa ngapi. Ringi zikiisha hamtakuwa na cha kubishania.

#42 Kipenyo38
Sifongo, na oili ipo. Slaidi nazihamisha kesho. Mzee wa Platini, ile fimbo inatolewa kwa upande gani?

#43 Mzee_wa_Platini
Wa kulia, kwenye vyuma. Fungua nati upande wa platini kwanza, angalia kipini kidogo cha kuilenga kisipotee. Na usisikilize habari za VM34.